Siku Spana Zinapolala

Madereva wa Ribdang, huko juu milimani, hawapokei simu wasizozijua. Wanasema namba ngeni ni benki, au polisi, au mtu wa bima, na wote hao huja kuchukua; hakuna anayekuja kuleta. Nimkit Lepcha alilijua hilo tangu zamani kwa kuwa kwao ni Ribdang. Kwa hiyo alipopewa kazi ya kuwatafuta madereva wa huko, hakuwapigia wao. Aliwapigia wake zao.

Hakuanza na habari za kampuni ya magari. Aliuliza kama ng'ombe amezaa, kama mvua imebomoa tena ukuta wa jikoni, kama mkwe bado ana ulimi mkali. Wakishacheka vya kutosha ndipo alipouliza, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, gari la baba watoto limelala wapi leo.

Wenzake katika karakana ya Siliguri, kule bondeni kwenye joto, walimtania. "Dada Nimkit anapiga simu ya kazi au anaposa?" Yeye aliendelea kupiga simu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, anayevaa sweta hata siku ambazo wengine wanajipepea kwa magazeti. Babake alikuwa mkulima wa iliki huko juu milimani. Nimkit aliteremka Siliguri akimfuata mume aliyekuwa mpishi kwenye hoteli ya stesheni, akaanza kazi ya kufagia chumba cha kusubiria wateja. Kibengali alijifunza kwa kusikiliza watu wakigombana juu ya breki, na Kihindi kwa kusikiliza wakigombana juu ya klachi. Siku moja mpokea wageni aliumwa, Nimkit akakaa kwenye kiti chake, na hakuna aliyemwambia ainuke mpaka nywele zake zikaanza kuota mvi.

Mwaka huo kampuni ilitangaza kwamba magari yake mapya ya milimani, yale ambayo madereva waliyabandika jina la Nyati kwa kifua chake kipana, yarudishwe karakanani kukaguliwa na kutengenezwa bila malipo. Kasoro ilikuwa kwenye mkono wa chini, kile chuma kinachoshika gurudumu la mbele chini ya springi. Katika baadhi ya magari, na haikujulikana ni yapi, mkono huo ulichomelewa vibaya, kwa hiyo yote yangebadilishiwa. Ungeweza kupasuka polepole bila kelele, kisha siku moja kwenye kona ukakatika, na gurudumu likajikunja chini ya gari kama mguu wa mbuzi aliyejikwaa.

Barua zilipelekwa, kwa Kiingereza, zikiwa na mhuri mzuri. Huko Ribdang nyingi ziliishia kufungia pilipili sokoni.

Magari ya stendi nyingine yalianza kuja moja moja. Ya Ribdang hayakuja. Mwenye Nyati aliyekuwa mgumu kuliko wote aliitwa Harkaman Rai. Mkewe, Junkiri, ndiye aliyempa simu kwa nguvu siku moja, wakati mume anakula.

"Dada Nimkit," alisema Harkaman, mdomo umejaa wali, "gari langu halina ugonjwa. Jana limepanda na watu kumi na magunia ya tangawizi juu."

"Kaka, hata mwenye presha hupanda mlima."

"Basi mpe dawa huyo mwenye presha. Mimi nikiteremka huko kwenu nikaliacha gari, zamu yangu stendi ataichukua nani? Wewe?"

"Ningejua kuendesha ningeichukua."

"Ndiyo maana nakuogopa," akasema, akakata simu.

Nimkit hakumkasirikia. Alijua hesabu yake. Stendi ya Ribdang huendeshwa kwa zamu. Atakayekosekana asubuhi huenda mwisho wa foleni, na msimu wa watalii ulikuwa unakaribia. Kumwambia dereva aache gari karakanani siku mbili ni kama kumwambia mkulima aache shamba wakati mvua inanyesha. Usiku hakulala vizuri kwa jambo hilo, akiwaza barabara ya Ribdang, ambayo upande mmoja ni mlima na upande wa pili ni hewa tupu mpaka mto Tista.

Ndipo alipopata wazo la Bishwakarma.

Kila mwaka, katikati ya Septemba, mafundi na madereva humwadhimisha Bishwakarma, mungu wa wenye kushika nyundo. Siku hiyo magari huoshwa, huvishwa maua, hupangwa stendi. Hakuna anayebeba abiria. Ni siku pekee katika mwaka mzima ambayo Nyati zote za Ribdang husimama mahali pamoja, na hakuna zamu ya kupoteza.

Meneja wake, Bwana Sutradhar, alikuwa Mbengali mpole mwenye kupenda chai ya limau. Alimsikiliza mpaka mwisho, akakuna kichwa.

"Lakini siku hiyo spana hazishikwi, Nimkit. Spana zenyewe ndizo zinazoabudiwa."

"Mpaka kuhani amalize, bwana. Hapa kwetu si akishamaliza mchana, jioni kazi inaendelea? Tufike asubuhi, tule nao, alasiri tuanze."

Bwana Sutradhar alitazama joto nje ya dirisha. "Chukua gari la vipuri," alisema, "na Mofizul."

Mofizul alikuwa fundi bora wa karakana kwa kazi za chini ya gari, Mwislamu kutoka kijiji cha jirani, mtu wa maneno machache na vikombe vingi vya chai. Walipofika Ribdang asubuhi ya Bishwakarma ukungu ulikuwa bado haujaondoka bondeni. Stendi nzima ilikuwa ya manjano kwa maua. Redio kubwa ilikuwa inapiga nyimbo kwa sauti ya kupasua masikio, wanawake walikaanga mikate ya duara ya unga wa mchele, na Bishwakarma wa udongo alikaa juu ya jukwaa la mianzi, mikono yake minne imeshika vifaa. Miguuni pake madereva walikuwa wameweka spana zao, jeki zao, nyundo zao, zote zimepakwa unga mwekundu.

Nimkit alimwambia Mofizul ashushe ile mikono mipya ya chuma na kuipanga pale pale, pamoja na spana. Watu walipenda sana. Mwenyekiti wa stendi, Dambar Thapa, mzee mwenye tumbo la heshima, aliipaka unga mwekundu kwa kidole, mmoja mmoja.

"Hii ndiyo barua sasa," alisema. "Ile nyingine sikuielewa."

Harkaman alikuwepo, amevaa kofia mpya, anapangusa Nyati yake iliyong'aa kuliko zote. Alimwamkia Nimkit kwa mikono miwili, akamletea sahani ya mikate na viazi vya pilipili, akamwambia, "Kula, dada. Ukishiba huenda ukasahau kilichokuleta."

Kuhani alimaliza mchana. Watu wakapakwa mchele mwekundu kwenye paji la uso, wakagawiwa matunda. Mofizul akanawa mikono, akaenda jukwaani kwa adabu, akanyoosha mkono kuchukua spana yake.

"We! We!" Dambar alipiga kelele mpaka redio ikazimwa. "Unafanya nini?"

"Naanza kazi, mzee."

"Kazi gani? Mungu bado amekaa hapo. Huku spana haziamki mpaka yeye aingie majini. Kesho, tukimshusha mto Tista na kumzamisha, ndipo utakaposhika."

Nimkit alihisi masikio yakimwaka. Alikumbuka sasa, kama mtu anayekumbuka jina la shangazi mbele ya shangazi mwenyewe. Huko bondeni karakana zina haraka, desturi imekatwa ikawa fupi. Huku juu haijakatwa. Babake mwenyewe hakunoa hata panga la iliki mpaka sanamu imekwenda.

"Umekaa bondeni mpaka umekuwa mtu wa bondeni," Dambar alimwambia, si kwa ubaya, na watu wakacheka.

"Kweli, mzee. Nimekosa," alisema Nimkit. "Tutalala hapa, tutafanya kesho."

Jambo lingekuwa limekwisha hapo. Lakini alipokuwa anakunywa chai karibu na Junkiri, aliwaona watoto wa madereva wakipanda na kushuka kwenye Nyati ya Harkaman, wakigombania nafasi juu ya kibebeo cha mizigo.

"Wanagombania nini hawa?"

"Nafasi za kesho," alisema Junkiri kwa fahari. "Hukusikia? Mwaka huu sisi ndio tunaomshusha mungu. Watoto wote wa stendi hupanda na sanamu. Mume wangu ameingoja heshima hii tangu alipokuwa dereva wa magari ya watu. Sasa ana la kwake."

Nimkit aliweka kikombe chini. Njia ya kushuka Tista ndiyo yenye kona kali kuliko zote za wilaya ile. Gari lililokuwa halijakaguliwa lingekwenda kwanza, limejaa watoto. Spana zingeamka baadaye.

Alimwendea Dambar. Hakubishana naye kuhusu spana. Aliuliza tu kama kuangalia ni dhambi.

"Kuangalia?"

"Kwa macho, mzee. Na kitambaa, na mkono mtupu."

Dambar alitazama sanamu, akahesabu mikono yake kwa kidole. "Mungu mwenyewe ana minne. Mkono si spana. Angalieni."

Mofizul alitandika gunia, akaingia chini ya Nyati ya kwanza na tochi. Nzuri. Ya pili, nzuri. Madereva walisimama kando wakitoa maoni kama watu wanaotazama ng'ombe mnadani. Alipofika kwenye ya Harkaman alikaa chini muda mrefu. Miguu yake tu ndiyo iliyoonekana.

"Amelala?" mtu aliuliza.

"Gari la Harkaman lina kivuli kizuri."

Mofizul alitoka polepole. Hakumwambia Harkaman; alimtazama Nimkit. Naye, na sweta lake na magoti yake mabovu, akalala juu ya gunia na kuingia chini. Mofizul alikuwa amefuta matope kwa kitambaa. Kwenye mshono wa chuma, upande wa kushoto, palikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya kutu, kama alama ya chai kwenye kikombe ambacho hakikuoshwa. Alipitisha ukucha juu yake. Ukucha ulinasa.

Alitoka na nyasi kichwani. "Kaka Harkaman, njoo uguse."

"Siingii."

"Ni lako, uliguse."

"Nimevaa kofia mpya." Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Uso wake ulikuwa umekauka. "Nyinyi mmekuja na vipuri, lazima mpate ugonjwa. Daktari aliyebeba sindano hakosi mgonjwa."

Junkiri ndiye aliyeingia. Alijifunga shali kiunoni, akalala chini mbele ya stendi nzima, akatafuta kwa kidole mahali Mofizul alipomwonyesha. Alipotoka alikwenda nyuma ya gari akawashusha watoto mmoja mmoja, wa kwake na wa wenzake, na wa mwisho alipokataa akamvuta kwa sikio.

Ndipo Harkaman alipoivua kofia, akampa mtu amshikie, na kuingia.

Sauti yake ikatoka huko huko chini, nzito: "Tangu lini?"

"Hatujui, kaka," alisema Mofizul. "Pengine wiki. Linaweza kwenda mwezi mwingine. Linaweza lisifike daraja la Tista."

Dambar alikohoa. "Basi sanamu itapanda gari la Phurba. Ndiye anayefuata kwa zamu."

Phurba, aliyekuwa anakula ndizi, kwa furaha aliacha kutafuna.

Harkaman alitoka chini ya gari akasimama. "Likitolewa gari langu kwenye safu, kesho Ribdang yote itasema mungu amelikataa. Nani atapanda gari lililokataliwa na mungu? Afadhali niende polepole, peke yangu, bila watoto."

"Na mungu je?" Dambar akauliza. "Naye umtumbukize?"

Sauti zikapanda. Wengine walisema achukue Phurba, wengine walisema Harkaman aende taratibu, mmoja akasema zishikwe spana kwa siri na mungu afunikwe kitambaa machoni, akazomewa. Nimkit aliwaacha wabishane. Alijua kwamba jambo lolote litakalotoka kwake litakuwa la kampuni, na la kampuni Harkaman angelitema. Alimvuta kando, nyuma ya kibanda cha chai, palipokuwa na moshi na kuku.

"Kaka, mama yangu alipotaka kunizaa, barabara haikuwapo."

"Sasa?"

"Wanaume wa Ribdang walimteremsha kwa machela ya mianzi, kwa ile njia ya miguu, mpaka hospitali ya ng'ambo ya mto. Mbele kabisa kwenye mti wa kulia alikuwa babu yako. Mama alikuwa akitusimulia. Alisema bega la mzee yule halikutikisika."

Harkaman alimtazama kwa mashaka. Kisha macho yake yakaenda kwenye jukwaa la mianzi.

Nimkit alisema magoti yanamuuma, akaenda kukaa.

Baada ya muda Harkaman alipanda juu ya ngazi ya ofisi ya stendi, kofia imerudi kichwani.

"Sikilizeni! Mwaka huu Bishwakarma hapandi gari la mtu. Si langu, si la Phurba. Tunambeba mabegani, kwa njia ya wazee wetu. Gari langu litabaki hapa hapa, na maua yake, limlindie kiti. Na mti wa mbele wa kulia nitaubeba mimi."

"Kwa miguu?" dereva mmoja akauliza, kama aliyeambiwa aruke.

"Kwa miguu."

"Harkaman, sisi ni madereva! Tangu lini dereva anatembea?"

"Ndiyo maana matumbo yenu yanapiga honi," alijibu Junkiri, na wanawake wakaangua kicheko kilichomaliza mjadala. Dambar alijipapasa tumbo, akatazama njia ile ya miguu iliyokuwa inapotea msituni, akasema kwa sauti ndogo kwamba mungu hakika ataipenda. Phurba akalitupa ganda la ndizi.

Wakaondoka asubuhi iliyofuata. Ngoma mbele, watoto nyuma, na katikati sanamu ikiyumba juu ya mianzi, imefunikwa maua. Harkaman alikuwa mahali pake, shingo imekaza, hajageuka hata kidogo kulitazama gari lake. Nimkit alitaka sana kwenda. Alibaki. Mofizul alikuwa peke yake kati ya watu ambao hawakuwa wake, na yule aliyeileta kazi hakupaswa kuiacha.

Wakakaa mbele ya Nyati ya Harkaman, spana bado ziko jukwaani na unga wake mwekundu. Mofizul alikunywa chai, akatazama jeki, akanywa nyingine. Jua likapanda. Bwana Sutradhar akapiga simu kutoka bondeni.

"Mmefika wapi?"

"Tumekaa, bwana."

"Mmekaa! Mmetengeneza ngapi?"

"Bado hata moja."

"Nimkit, nina wateja hapa, fundi wangu bora uko naye huko, na mmekaa?"

"Bwana, nikishika spana sasa nitatengeneza moja, na sitatengeneza nyingine tena Ribdang maisha yangu yote. Nikingoja, nitazitengeneza zote."

Alimsikia meneja akikoroga chai. "Ngoja basi," akasema. "Lakini mwambie mungu wao afanye hima."

Simu ililia tena jua likiwa juu kichwani. Safari hii Nimkit aliiweka sauti kubwa, wanawake waliobaki wakasogea. Kwanza kulikuwa na ngoma na maji. Halafu Harkaman, akihema kama mvukuto:

"Ameingia! Dada, ameingia majini! Bega langu halipo tena, Dambar amelala kwenye mchanga anasema tumzike hapa hapa. Shikeni spana! Anzeni na la Phurba, maana jana alifurahi mno. Hapana. Anzeni na langu!"

Mofizul alikuwa ameshainuka. Alinyanyua jeki kwa mikono miwili, akaipangusa unga, akalala chini. Nimkit alimpa spana moja baada ya nyingine kama alivyoambiwa, na kila moja iliwaachia wote wawili wekundu kwenye viganja. Nati zilikuwa ngumu kwa matope ya msimu mzima wa mvua. Moja ilimchukua muda wa vikombe viwili vya chai. Mkono wa zamani ulipotoka, aliugeuza juani. Ufa ambao nje ulikuwa na urefu wa ukucha, ndani ulikuwa umezunguka karibu chuma chote. Kilichobaki kimeshikilia kilikuwa chembamba kama ukingo wa kikombe cha chai. Mofizul aliuweka mkono huo juu ya gunia ili kila mtu auone, akaanza kufunga mpya.

Wanaume walirudi jioni, wamepandishwa na lori la mchanga, wanachechemea, wamejaa fahari kama askari waliorudi vitani. Kila mmoja alikuwa na hadithi ya kona aliyokaribia kuanguka. Harkaman hakwenda kula. Alikwenda moja kwa moja kwenye gunia, akachuchumaa, akauinua ule mkono wa chuma. Aliushika muda mrefu. Junkiri alikuja akasimama nyuma yake, mtoto wao mdogo amemshika shali.

"Nitauweka nyumbani," alisema Harkaman.

"Huwezi, kaka. Kampuni inataka ya zamani yote irudi, isije ikauzwa ikafungwa kwenye gari jingine."

"Nani atanunua kitu kama hiki?"

"Mtu asiyepokea simu," alisema Nimkit.

Kwa mara ya kwanza tangu jana Harkaman alicheka, akashika bega lake lililomuuma. Akaingia chini ya gari, akagusa mkono mpya mwanzo mpaka mwisho kwa vidole, akatoka. Kando yake Mofizul alikuwa ameanza la Phurba, na Nyati nyingine zilikuwa zimejipanga nyuma kwa foleni ambayo hakuna aliyeipanga.

"Wa stendi ya Lungsel nao wana Nyati," alisema Harkaman. "Wameshakuja kwenu?"

"Hata mmoja. Na wake zao siwajui. Huko siyo kwetu."

"Nipe mimi niwapigie."

"Watapokea?"

"Hawatapokea mara ya kwanza," alisema Harkaman, akitoa simu mfukoni kwa mkono uliokuwa mzima. "Watadhani tu nataka kuwaringia kwamba nimebeba mungu. Lakini mimi nitapiga mpaka wachoke."